Marinda ya Aciro

Ingetosha kusema sijui kupima. Mtoto wa umri wangu angeaminiwa. Koplo alikuwa amesimama katikati ya barabara ya Ggaba, Kampala, bunduki begani, tepu ya kupimia ikining'inia mkononi mwake kama utumbo wa kuku, akaniambia, "Wewe iko ndugu ya fundi. Kuja upime." Nikaipokea kwa mikono miwili, kama tulivyofundishwa kupokea kitu kutoka kwa mkubwa, nikapima.

Nimekosea mengi tangu siku hiyo. Nimewahi kunywa karo ya mwanangu. Nimewahi kumfukuza mke mwema kwa maneno ya jirani. Hayo huwa nayasimulia, mengine hata kwa kucheka. Hili nimelikalia maisha yangu yote, na ningeendelea kulikalia kama si mjukuu wangu, aliyeingia sebuleni juma lililopita na sketi tatu za marinda mkononi. Moja ilikuwa ya kufika kifundoni, moja ya katikati ya muundi, moja ya juu kidogo ya goti. Shuleni kwao kuna sherehe ya kuagana. Akatandaza kitambaa kibichi juu ya ile fupi, akapitisha pasi, mvuke ukapanda na harufu yake ya pamba iliyoloa na kuungua kidogo, akaniuliza, "Babu, nivae ipi?"

Nilitoka nje. Nikasimama kando ya tangi la maji mpaka harufu iishe. Nikamsikia akimwambia mama yake, "Babu amekasirika kwa sababu ya hii fupi."

Sikukasirika.

Tuliishi katika kota za polisi, vyumba viwili vya mabati kwenye safu ndefu ya vyumba vinavyofanana. Baba alikuwa sajini. Mama alikufa kwetu kaskazini kabla sijajua kutembea, na mgongo ninaoukumbuka mimi ni wa dada yangu Aciro, ambaye alianza kunibeba akiwa na miaka kumi. Nilipofika umri huo wa miaka kumi, yeye alikuwa fundi. Cherehani yake ilikaa kwenye baraza, na wanawake walikuja kwake kutoka Kansanga, kutoka Ggaba, wengine hata kutoka Kawempe upande wa pili wa mji, kwa sababu ya kitu kimoja tu: sketi za marinda.

Hakumshonea mtu alichotaka kabla ya kumtazama akitembea. "Nenda mpaka bombani, urudi," alimwambia mteja, naye huenda akidhani ni mzaha. Mwanamke mfupi hakumshonea sketi ya kumkata muundi katikati. Alimpa sketi ya gotini yenye marinda membamba, blauzi ichomekwe ndani. Mwenye nyonga pana alimshonea marinda kwa juu mpaka yapite nyonga, ndipo ayaachie, yasije yakafunguka kama mwavuli. Mrefu alipewa ya kifundoni, marinda mapana, na mkanda. Mimi kazi yangu ilikuwa kupima miguu. Nilipiga goti mbele ya mteja, nikaweka ncha ya tepu katikati ya pia ya goti, nikasoma inchi kwa sauti. Aciro aliandika kwa chaki mezani, hakurudia kupima. "Mdogo wangu hakosei," alikuwa akiwaambia. Hakuna sifa niliyowahi kupewa baadaye, kazini au nyumbani, iliyonijaza kifua kama hiyo.

Mteja wake mkubwa alikuwa Mama Atieno, Mkenya kutoka Kisumu aliyeuza viatu Kansanga. Huyo alipenda fupi.

"Panda kidogo, Aciro," alikuwa akisema, akijipima kwa kiganja. "Mtu atanunuaje kiatu kama haoni mguu?"

"Mama Atieno, nikipanda tena utakuwa umevaa mkanda."

"Basi nishonee mkanda wenye marinda."

Kisha redio ikatangaza amri ya serikali ya kijeshi. Sketi isipande zaidi ya inchi tatu juu ya goti. Watu wa rika langu wanaikumbuka. Mimi niliisikia nikiwa nimekaa chini ya meza ya Aciro nikiokota pini, na nilifurahi, kwa sababu serikali ilikuwa inazungumza lugha yetu, ya inchi na magoti. Nilidhani sasa nchi nzima itatuhitaji.

Kwa kweli walituhitaji. Ila sketi ya marinda ina tabia yake. Pindo lake hushonwa kwanza, kitambaa kikiwa kimetandazwa, ndipo kinakunjwa. Ukishapiga pasi, chini hapaguswi tena. Urefu unatafutwa kiunoni. Wanawake walileta sketi fupi walizozipenda wakiomba zishushwe, na hapakuwa na kitu cha kushusha. Aciro alikaa nazo siku mbili. Siku ya tatu alishona kipande cha kitambaa cheusi, bapa, cha upana wa kiganja, cha kuvaa kiunoni chini ya blauzi. Chini ya kipande hicho alitia kulabu ndogo za chuma, na sketi ikaning'inizwa hapo badala ya kiunoni. Ikashuka kiganja kizima. Ukifika unakokwenda, unafungua kulabu, unavua kipande, unaiweka sketi kiunoni mahali pake. Sketi moja, urefu wa namna mbili.

Mama Atieno aliijaribu, akazunguka barazani, akashusha, akapandisha. "Huyu msichana," akamwambia Baba, "anafaa kuwa waziri."

Baba hakucheka. Baba hakuwa mtu wa kucheka, na mkanda wake wa kazi ulining'inia nyuma ya mlango kwa ajili yangu. Alinipiga kwa kuvunja kikombe, kwa kuchelewa, kwa kuuliza swali mbele ya wageni. Kota nzima ilikuwa hivyo. Jioni ungeweza kujua ni chumba gani kwa sauti ya kilio tu. Nayasema haya si kujitetea. Nayasema ili ieleweke kwamba fimbo haikunishangaza, na hilo pia lilikuwa na sehemu yake.

Koplo hakuwa polisi. Alikuwa mwanajeshi wa kambi ya jirani, mrefu, mwenye viatu vinavyong'aa, na aliniruhusu kuvaa bereti yake. Alileta suruali zake kwa Aciro hata zisipokuwa zimechanika. Siku moja, mbele ya wanaume wa kota waliokuwa wakicheza karata, akamwuliza, "Sasa wewe fundi, unangoja nani akuoe?"

"Afande, mimi nimeshaolewa," Aciro akajibu bila kuinua macho. "Bwana yangu ni hii cherehani. Inakula mafuta kidogo, na nikiiambia nyamaza, inanyamaza."

Wanaume waliangusha karata kwa kucheka. Koplo naye alicheka. Mimi nilikuwa nimevaa bereti yake, nikamtazama kwa chini, nikaona meno yake yote, lakini uso wake ulikuwa haupo pamoja nayo. Nilidhani anaumwa jino.

Alasiri ya siku ninayoisimulia, Aciro alikuwa amekwenda Ggaba kwa wauza samaki kuchukua sketi alizowashushia, ili azikaze kulabu. Alinituma Kansanga kununua uzi mweusi. Nilipotokea barabarani niliona wanajeshi wanne, gogo limelazwa njiani, na pembeni wanawake saba au wanane wamepiga magoti kwenye safu, vichwa chini.

Wanawake wa Kiganda waliokuja kwetu walipiga magoti kumwamkia Baba. Nilipenda sana kuwaona. Basi nikadhani hawa nao wanawaamkia wanajeshi, na nikaona fahari kwamba namjua mmoja wa wakubwa wanaoamkiwa hivyo. Nikasogea. Ndipo nikaona wa mwisho kwenye safu anatokwa damu sikioni, na damu imeshuka mpaka kwenye kola ya blauzi yake ya kijani.

Wanajeshi walikuwa wakibishana. Mmoja alipima kwa kijiti, mwingine kwa shubiri, na kila mmoja alipata jibu lake. Koplo aliponiona alicheka. "Fundi mwenyewe amefika. Nyinyi nyamazeni, sasa tunafanya kwa sheria." Akanivika bereti, akanipa tepu waliyomnyang'anya mtu.

Nilipima. Walisimamishwa mmoja mmoja. Wa kwanza inchi mbili; akaachwa, akakimbia bila kuchukua kapu lake. Wa pili nilisoma inchi nne, kwa sauti, kama nilivyozoea barazani. Nilikuwa bado nimepiga goti mbele yake fimbo ilipotua. Ilimpata mgongoni, akaniangukia, tukaanguka wote. Nikasikia pumzi yake inatoka kama kibofu cha mpira kinapopasuka. Wakamvuta kwa nywele mpaka kwenye mtaro wakaendelea, wawili kwa zamu, huku yeye akisema kwa Luganda, "Nsonyiwa, ssebo, nsonyiwa," anaomba msamaha, mpaka akawa hasemi.

"Mwingine," Koplo akasema.

Wa tatu alikuwa mwanamke mnene aliyevaa marinda mapana. Aliniinamia sikioni akanong'ona kwa lafudhi ya Kiganda, "Mwanangu, sema iko lefu. Bambi, tafadhali, sema iko lefu." Nilimtazama. Aliweka mkono begani kwangu. Nikaweka ncha ya tepu katikati ya pia ya goti, nikasoma inchi tano, kwa sababu zilikuwa tano.

Walimchana sketi kwa kisu cha bunduki kuanzia pindo hadi kiunoni, rinda moja baada ya jingine, na kisu kilikuwa hakichagui kati ya kitambaa na paja. Mmoja wao alikuwa akihesabu marinda. Mwanamke alipojaribu kujifunika, walimkanyaga mikono.

Watu wengi wameniambia, wale wachache niliothubutu kuwagusia tu, kwamba nilikuwa mtoto. Ni kweli nilikuwa mtoto. Lakini kufikia hapo nilikuwa nimeona. Nilijua inchi nne inafanya nini. Nilichokosea ni kingine: nilidhani amri ile ni ya wengine. Sisi wa kota, wenye bereti, wenye tepu, nilidhani tuko upande wa fimbo.

Aciro alitokea upande wa ziwa, kutoka Ggaba, akitembea kwa miguu, mfuko wa sketi kichwani. Nilimtambua kwa mwendo wake. Alikuwa amevaa sketi yake ya kijivu, marinda membamba, pindo chini ya goti kabisa, na blauzi nyeupe iliyoachwa nje. Hakuniona kwanza. Aliwaona wale wanawake mtaroni, akapunguza mwendo, kisha akaniona na bereti kichwani na tepu shingoni.

"Mdogo wangu," akasema polepole. "Unafanya nini hapa?"

"Anafanya kazi," Koplo akasema. "Shusha mzigo, fundi. Leo unapimwa wewe."

Nilimpima dada yangu. Pindo lilikuwa inchi mbili chini ya goti. Nikasema hivyo, kwa furaha, kwa nguvu zaidi kuliko nilivyosema kwa wengine. Wanajeshi wawili walishaanza kugeuka. Aciro akainama kuchukua mfuko wake. Koplo alisimama akimtazama, na lile jino likaonekana kumwuma tena.

"Ata wewe unajua kuvaa kwa adabu," akasema. "Mimi nilifikiri fundi wa fupi anavaa fupi."

Nilimwonea huruma Koplo. Nilidhani anamdharau Aciro kwa sababu hajui ufundi wake, na kwamba akijua atamheshimu, na sote watatu tutarudi kuwa barazani, karata, bereti, kicheko. Nikasema, "Afande, hiyo sketi ni mbili. Dada ndiye aliyebuni." Nikanyoosha mkono, nikainua ukingo wa blauzi, nikafungua kulabu ya kwanza kumwonyesha.

Aciro hakunizuia. Nadhani hakuwa na muda. Alinitazama tu.

"Hee," Koplo akasema taratibu. "Kumbe mnadanganya serikali."

Alimpiga kwa kitako cha bunduki kifuani. Alipoanguka, alimpiga tena mgongoni, kisha akawaita wenzake. Nikaanza kulia, nikasema, "Afande, lakini ni ndefu, nimepima, ni ndefu." Mmoja wao alinipiga teke, nikabingirika mpaka karibu na gogo. Nilimwona Koplo akiumwaga mfuko barabarani. Sketi zilianguka zikafunguka, za bluu, za rangi ya maziwa, za maua, na kwenye kila moja kuna kipande cheusi na kulabu zake. Akazirundika, akazimwagia petroli, akawasha. Kisha akapiga goti karibu na dada yangu, kwa uangalifu, kama mimi ninavyopiga goti kupima, akaushika mkono wake wa kulia.

"Hii ndiyo inashona?"

Koplo akaulaza mkono juu ya gogo, akasimama, akaukanyaga kwa kisigino cha kile kiatu kinachong'aa, mara ya kwanza, ya pili. Sauti ile nimeisikia tangu hapo katika vitu vingi vya nyumbani, katika kuni, katika mifupa ya kuku, katika kalamu ya mtoto ikikanyagwa. Aciro hakupiga kelele mpaka mara ya tatu. Nguo ziliungua na kutoa harufu ileile ya pasi, ila nyingi mno.

Tulifika nyumbani kwa sababu Mama Atieno alifunga duka lake akaja kutuchukua. Walipoondoka wale wanajeshi, alimbeba Aciro mgongoni kama mtoto, na mimi nilifuata nyuma nimeshika viatu vya dada yangu.

Baba alirudi kutoka kazini akamkuta amelala, mkono umefungwa kwa vipande vya mbao, vidole vimevimba vimekuwa kama ndizi mbivu. Alisikiliza. Alijua hawezi kwenda kokote kushtaki. Sajini wa polisi hakuwa kitu mbele ya koplo wa jeshi wakati ule. Alikaa kitandani akavua kofia. Kisha akauliza kitu kimoja.

"Ile kulabu iko chini ya blauzi. Nani alimwonyesha?"

Mama Atieno alikuwa mlangoni, naye hakujua, alifika baadaye. Nilitazama mkanda nyuma ya mlango.

"Aliiona mwenyewe, Baba," nikasema.

Baba akamgeukia Aciro. "Ni kweli?"

Dada yangu aliniangalia. Hakuwa na hasira usoni, nalisema hilo kwa hakika kwa sababu nimeutazama uso ule akilini kila siku tangu siku ile. Alikuwa ananingoja. Alinipa muda mrefu, muda wa kutosha mtoto yeyote kusema kweli. Nikainamisha kichwa, nikaanza kuokota pini sakafuni.

"Ni kweli, Baba," akasema, akageukia ukutani.

Vidole vitatu havikukunjika tena. Alijaribu kushona kwa mkono wa kushoto, marinda yakatoka yamepinda, akayafumua, akajaribu tena. Mwezi haukwisha kabla ya Mama Atieno kufunga duka na kurudi kwao, akamchukua. Asubuhi ya safari Aciro alinipikia uji, akanipigia pasi sare ya shule, akaitundika. Aliniambia chakula kiko wapi na ufunguo uko wapi. Nilingoja aniite mdogo wangu. Aliniita kwa jina langu.

Baba alikufa bila kujua. Nilimaliza sekondari, nikafanya kazi, nikaandika barua Kisumu, nyingi, na hata katika barua sikuandika kile kilichotakiwa kuandikwa. Nikiwa na mvi tayari nilipanda basi nikamfuata. Alikuwa akiuza mitumba sokoni, mkono wa kulia ameufunika kwa leso. Alinikaribisha vizuri sana. Alinipikia samaki, akanipa kiti kizuri, akaniuliza habari za safari kama anavyoulizwa mgeni. Watoto wake walipoingia, watu wazima, wakaniamkia na kumtazama mama yao ili awaambie mimi ni nani.

"Huyu ni mtu wa Kampala," akasema. "Baba yake alikuwa sajini. Tulikaa kota moja."

Nilikula samaki wangu. Hapo pia ningeweza kusema kweli, na hapo pia nilinyamaza.

Alipokufa hakuna aliyenipigia simu. Nilisikia baada ya miezi mingi kutoka kwa Mkenya mmoja muuza viatu wa hapa Kansanga, naye alikuwa akisimulia tu habari za kwao. Watoto wake hawana kosa. Hawakujua kwamba mama yao ana ndugu wa kumpasha habari.

Juzi mjukuu wangu alivaa ile ya katikati ya muundi. Ilimpendeza. Sikumwambia ipi ni nzuri, na kama angeniomba nimpimie, ningemwambia sijui kupima.

Nilikuwa na dada mmoja, ndiye aliyenilea. Niliipokea tepu ile kwa mikono miwili, na ikanigharimu yeye. Aliishi miaka mingi baada ya siku ile, na katika miaka yote hiyo sikuwa ndugu yake.